Mboji ya Kibandani

Sikuwa na dira. Sikuwa na tochi, wala soksi za akiba, wala mke wa kunizuia mlangoni. Nilikuwa na cheti changu cha shule ya jioni, nimekifunga kwa nailoni kifuani, na nilitaka kijiji kikione siku ileile. Basi la pwani lilikuwa limezuiwa na upepo. Nikakata nyika ya kisiwa chetu kwa miguu, maili tisa, mwezi wa Januari.

Maili ya nne mvua iligeuka theluji nyevunyevu, ikinipiga ubavuni. Ardhi ikawa inanimeza hadi magotini. Kibanda cha wachungaji sikukiona. Nilikigonga kwa paji la uso.

Ndani palikuwa na kiberiti kwenye kopo, na kando ya meko rundo la mboji kavu, ile tunayoikata ardhini kiangazi tukaianika iwe kuni zetu. Sharti kila mtu analijua: ukichoma mboji ya kibandani, wiki hiyohiyo unarudi na kikapu mgongoni, unajaza. Nilichoma yote. Upepo ulipotulia nikaendelea na safari.

Dukani kijijini watu wakaniambia, "Msomi, usituambie umepita nyikani na hali hii."

"Nimepita."

"Hata kibandani hukuingia?"

"Kufanya nini? Nilitembea tu."

Mzee mmoja akanipisha kiti chake karibu na moto. Nilikaa.

Baada ya hapo ningewezaje kupanda na kikapu cha mboji, mchana kweupe, mbele ya madirisha yote yale? Nikawa nangoja siku ya ukungu. Siku ya tisa jirani yangu Effie, mjane, alimfuata kondoo wake nyikani, theluji ikamkuta huko. Alifika kibandani. Kiberiti kilikuwapo, cha kuwasha hakikuwapo. Alipoteza vidole viwili vya mguu.

Watu wakasema ni Ivor, kwa kuwa alizoea kulala mle akishalewa. Alikana. Wakaacha kumsalimu, hata kanisani, na theluji ilipoyeyuka akapanda meli kwenda bara. Mimi nilikuwa nakaa benchi la nyuma yake. Nilikuwa nakiangalia kisogo chake kila Jumapili.

Imepita miaka thelathini na moja. Wiki iliyopita nilimwambia Effie, jikoni kwake. Aliweka chini kiazi alichokuwa akimenya.

"Kumbe ndiyo maana unaniletea samaki kila Ijumaa. Mimi nikidhani unanitaka."

"Nisamehe, Effie."

"Vidole vyangu nilishavizika, Torquil. Kamwandikie yule aliyechafuliwa jina."

Niliandika kurasa nne, kwa sentensi nzuri. Effie akavaa miwani, akasoma.

"Hapa kuna upepo. Hapa kuna cheti. Ivor mwenyewe yuko wapi?"

Nikaandika upya, yeye amesimama begani kwangu: *Ivor, mboji ya kibandani niliimaliza mimi. Nilinyamaza ulipolaumiwa. Jumapili nitasimama kanisani niseme hivyo mbele ya wote. Torquil.*

"Sasa hiyo ni barua," akasema.

Anwani aliijua yeye. Nililamba bahasha, nikaifunga, nikabandika stempu. Effie akatangulia kwenda kwenye sanduku la posta, akichechemea kwenye matope, nami nikamfuata hatua mbili nyuma, maana kutembea sambamba naye sikuweza. Akaniinulia kifuniko. Nikaitumbukiza.