Nywele za Jhumur Zisizotemewa Mate

Kina mama wenzangu wenye mabinti, nisikilizeni kabla mvua hizi hazijaisha.

Binti yangu Jhumur ana nywele za timtim. Kukiwa na unyevu zinavimba, zinasimama, hazisikii kitana. Wageni wa posa walikuwa waje Ijumaa, basi nikawa nazichana kavu kutwa nikidhani nazilaza. Kumbe nazikata. Zilizotoka nikaziviringa mabonge, nikazichomeka kwenye tundu la ukuta wa mianzi, kama tunavyofanya wote kumsubiri mnunuzi wa nywele.

Jumatano akapita mmoja, mwanamke nisiyemjua. Wenzake hulipa nywele kwa sufuria. Yeye alikuwa na chupa ya mafuta.

"Dada, hicho kichaka cha nani?" akacheka, akimwangalia Jhumur.

"Changu, na hakiuzwi," Jhumur akamjibu. "Labda ununue mdomo wa mama, huo haupumziki."

Nikataka kuyatemea mate yale mabonge mara tatu, kama mama yangu alivyonifundisha, ili mtu asiweze kuyafanyia jambo. Mwanamke akanishika mkono.

"Usizichafue, dada. Zenye mate sichukui."

Nikaiwaza Ijumaa. Nikampa hivyohivyo, naye akaniachia ile chupa.

Mafuta yalifanya kazi, siwezi kusema uongo. Nywele zililala, zikang'aa. Nilifurahi kama mjinga.

Alhamisi mchana nilikuwa jikoni nakata boga. Jhumur yuko uani. Nikasikia, "Ma, polepole bwana! Unanivuta."

"Nakuvuta na nini, mimi niko huku?"

Nikatoka na kisu mkononi. Alikuwa ameketi peke yake, kichwa kimevutwa nyuma, na nywele zinajisuka. Nyuzi nne. Nyumbani kwetu tunasuka tatu tu, nne hakuna anayejua. Zikasukwa hadi nchani, zikakazwa. Hapo mwanangu akainuka, akaanza kwenda kinyumenyume kuelekea barabara aliyoshika yule mwanamke.

"Ma, nishike!"

Nikamkumbatia kiunoni. Tukaburutwa wote wawili hadi langoni, miguu inachora tope. Nikaona hapa namkosa. Nikazikata palepale shingoni.

Jhumur akaniangukia. Ule msuko haukuanguka. Ulikwenda zake, umenyooka hewani kama kamba ya mbuzi, ukapinda kona.

Wageni walikuja, wakaona kichwa kile, hata chai hawakumaliza. Waende.

Sasa zimeota tena, timtim zilezile. Nazipaka mafuta ya nazi zikiwa na maji, nazipitishia vidole taratibu, zikivimba na zivimbe. Lakini kila nikimgusa anauliza, "Ma, ni wewe?"

"Ni mimi, mwanangu."

Jana aliuliza hivyo nikiwa kisimani. Nilimsikia kutoka kule, nikatupa ndoo, nikakimbia huku napiga kelele, "Sio mimi, Jhumur! Inuka! Sio mimi!"