Muhogo wa Mama Mkubwa

Gunia la mihogo lilifika Kihonda asubuhi ya mkesha wa Krismasi, limefungwa nyuma ya pikipiki ya Abeid kwa kamba za mgomba. Abeid alikuwa mtu mzima, baba wa watoto watatu, mwenyeji wa Luhembe, kitongoji kilichojishikiza kwenye mteremko wa milima ya Uluguru, mbali juu ya Kinole. Yeye ndiye aliyekuwa akiteremsha mizigo ya watu wa huko mpaka mjini Morogoro. Alilitua gunia uani, akajifuta matope shingoni.

"Umetoka kwa Mama Mkubwa, shemeji," alimwambia Editha. "Amesema mpike wote. Wageni wale washibe."

"Yeye mwenyewe haji?"

Abeid aliinama akalitazama tairi la pikipiki kana kwamba lina kasoro. "Njia mbaya, shemeji. Mvua haijakatika wiki ya tano hii." Kisha akasema ana abiria anamsubiri Msamvu, akawasha pikipiki, akaondoka hata chai hakunywa.

Mama Mkubwa huyo, Chausiku kwa jina, alikuwa dada wa marehemu mama yake Thobias, mume wa Editha. Ndiye aliyemlea Thobias tangu akiwa wa miaka minne. Mwezi wa tisa Thobias alimwahidi kwamba atapanda kumfuata, aje akae nao mjini walau mpaka mvua zipite. Lakini Thobias alikuwa fundi mitambo kiwandani, na zamu zikafuatana na zamu, mwezi wa tisa ukawa wa kumi, wa kumi ukawa wa kumi na mbili.

Editha alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Rombo, na kwao chakula ni ndizi. Muhogo aliujulia ukweni. Hata hivyo katlesi zake za muhogo ndizo zilizokuwa gumzo la jumuiya nzima, na Krismasi ile ilikuwa zamu ya nyumba yake kupokea wanajumuiya baada ya misa. Wageni wapatao thelathini. Wali na nyama vingekuja baadaye. Katlesi ndizo zinazotangulia, watu wazile wakiwa wamesimama, sahani mkononi, wakiulizana habari za watoto.

Na ni chakula chepesi kutengeneza. Alimenya, akakata, akachemsha kwa chumvi mpaka muhogo ukapasuka, akatoa mizizi ya katikati, akauponda ungali wa moto. Akatia kitunguu kilichokatwa vidogo vidogo, karoti ya kukwaruza, pilipili hoho, giligilani na ndimu. Akaviringisha viganjani, akachovya kwenye yai, akagaragaza kwenye chenga za mkate, akatumbukiza kwenye mafuta. Sufuria ya kwanza alionja moja. Ilikuwa tamu, laini, kama siku zote.

Wakati akimenya ya sufuria ya pili aligundua kwamba mihogo ile ilikuwa midogo mno. Mingine haikuzidi kidole gumba. Alijiuliza kwa nini mtu achimbe muhogo ungali mchanga hivi, lakini mafuta yalikuwa yanachemka, akaliacha wazo lipite.

Thobias alikula akiwa amesimama mlangoni, kabla ya kwenda zamu ya saa nane mchana. Alichukua kutoka sahani ya pili, ile iliyokuwa bado inatoa moshi. Moja, mbili, tatu, mpaka sita.

"Za leo kali kidogo," alisema huku anatafuna. "Umezidisha ndimu."

"Basi acha, waachie wageni."

"Muhogo wa Mama Mkubwa nauachaje?" Akachukua ya saba, akaenda nayo.

Saa tisa na nusu alifika Devotha, dada yake Thobias, aliyeolewa Gairo. Hata begi hakulitua vizuri. Alichukua katlesi kwenye ile sahani ya pili, akauma, akatafuna mara mbili, akaacha kutafuna. Akatema kiganjani.

"Wifi," alisema taratibu, "muhogo huu umetoka wapi?"

"Kwa Mama Mkubwa. Kuna nini?"

"Huu ni mchungu. Hauliwi hivi. Huu tunaupanda pembezoni mwa shamba ili nguruwe pori wakiuma wakimbie. Ukitaka kuula unauloweka siku nne, unauanika mpaka uwe makopa, ndipo unasaga unga." Alikuwa ameshaanza kusukutua maji mdomoni. "Nani mwingine amekula?"

Editha alichukua simu, akampigia Thobias. Ililia muda mrefu kabla ya kupokelewa, na sauti iliyopokea haikuwa ya Thobias.

"Mama, fundi ameanguka hapa. Anatapika, anasema kichwa kinataka kupasuka. Tunampeleka zahanati."

Walimkuta kitandani, dripu mkononi, midomo imempauka, moyo unamwenda mbio mpaka shati linatikisika. Daktari alitaka kujua amekula nini, na alipoambiwa alikunja uso. Alisema angekula mara mbili ya hapo wasingekuwa wanazungumza. Walikaa pale mpaka jua linazama, Thobias akatulia, akalala, na pumzi zake zikarudi kuwa za mtu.

Kwenye benchi la nje Devotha alisema kile alichokuwa amekishikilia tangu mchana.

"Mama Mkubwa anaijua mihogo kuliko mtu yeyote wa Luhembe. Gizani anaijua. Hawezi kukosea."

"Unataka kusema nini, wifi?"

"Nasema amekasirika. Tangu mwezi wa tisa anamsubiri Thobias. Mtu akikaa peke yake na hasira, huwezi kujua anawaza nini."

Editha alikumbuka Abeid alivyokwepa macho yake asubuhi ile.

Waliporudi nyumbani na Thobias jioni ile, Editha alilimwaga gunia lote kwenye sakafu ya uani, chini ya taa. Devotha alimwonyesha namna ya kufanya: kwangua kidogo, gusa kwa ncha ya ulimi, tema, sukutua. Walikwenda hivyo, muhogo mmoja baada ya mwingine, wamechuchumaa kama watu wanaotafuta kitu kilichopotea. Yalitokea mafungu mawili. La mchungu lilikuwa dogo, mihogo tisa. La mtamu lilijaa karibu beseni zima.

Devotha alilitazama beseni, na uso wake ukaanza kubadilika. Hili halikuwa gunia la mtu aliyetaka kuwadhuru.

"Wifi," Editha aliuliza, "kwa nini mtu achimbe muhogo mtamu wa ukubwa wa kidole?"

"Kama mkubwa umeisha."

"Basi kama huu ndio ulikuwa wa mwisho, na wote ametuletea sisi, yeye amebaki na upi?"

Macho ya Devotha yalikwenda kwenye lile fungu dogo, yakabaki hapo.

Simu ya Mama Mkubwa haikupatikana. Editha akampigia Abeid, na safari hii hakumpa nafasi ya kuzungukazunguka.

"Shemeji, aliniomba nisiseme," Abeid alikiri. "Alisema msiharibikiwe na sikukuu. Udongo uliporomoka mwezi wa kumi na moja, ukafunika mahindi na maharage ya watu. Nguruwe wakamalizia mihogo. Huo wenu alikuwa ameuficha nyuma ya nyumba, akauchimba wote."

"Alichimba mwenyewe? Mvua yote hiyo?"

"Alichimba amekaa, shemeji. Anajiburuta kutoka shina hadi shina. Aliamka siku moja miguu imekaza, haikunjiki. Wiki mbili sasa."

Asubuhi ya Krismasi Editha alimwachia Devotha mgonjwa na wageni, akapanda nyuma ya pikipiki ya Abeid wakati kengele za misa ya kwanza zinalia. Walipita Bigwa, wakapita Mkuyuni, mawingu yameshuka mpaka kwenye minazi. Juu ya Kinole pikipiki ilishindwa, wakaiacha kwa watu, wakaendelea kwa miguu.

Mteremko wa Luhembe ulikuwa umechanika. Udongo mwekundu ulikuwa umeshuka kama ulimi kutoka juu kabisa, umemeza matuta, na vichwa vya mahindi vilichungulia humo vimeoza. Ilikuwa saa tatu asubuhi ya sikukuu na hakuna nyumba iliyonukia mafuta wala nyama. Juu ya mabati vilikuwa vimeanikwa vipande vya muhogo, kwenye mvua, vimeota ukungu mweusi. Katika kila paa alilolipita aliviona.

Chausiku alikuwa amekaa kizingitini, kanga mpya mabegani, miguu imenyooka mbele yake kama si yake. Alikuwa amekonda mpaka hereni zilionekana nzito.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sikukuu hii, umemwacha nani na wageni?"

"Devotha yupo. Nimekufuata."

Ndani, sufuria ilikuwa jikoni. Editha alifunua. Muhogo, peke yake, kwenye maji ya kijivu.

"Nauloweka," Mama Mkubwa alisema nyuma yake, kama mtoto aliyekutwa na kosa. "Usiku mmoja. Najua ni siku nne na jua. Lakini jua liko wapi? Na tumbo halingoji siku nne. Ule mtamu niliwachagulia ninyi mmoja mmoja. Niliubagua usiku, kibatari kikazimika, sijui kama nilimaliza vizuri." Akamtazama Editha usoni, kwa makini. "Thobias amekula?"

"Amekula, mama."

"Ameufurahia?"

Editha alirudisha kifuniko. Alishukuru kwamba ndani kulikuwa na giza.

"Sana. Alikula saba."

Bibi alicheka kidogo, akajipangusa pua na ncha ya kanga. Hakuuliza tena, wala Editha hakumwambia, siku ile wala baadaye.

Wanaume wanne walifunga machela kwa miti miwili na blanketi, wakaanza kumteremsha. Editha alifuata nyuma, na pembeni yake alitembea jirani, mwanamke wa makamo aitwaye Mariamu, amebeba fungu la nguo za Mama Mkubwa kichwani. Kwenye kijito cha pili Mariamu alisimama.

"Mwalimu," alisema, sauti ya chini ili wabebaji wasisikie, "mtoto akianza kutembea kwa ncha za vidole, ni ugonjwa huohuo?"

"Mtoto gani?"

"Wangu. Brenda. Tulidhani anacheza."

Editha aligeuka. Msichana wa miaka kama minane alikuwa anawafuata kwenye njia ya matope, mikono ameipanua apate kusimama, visigino havigusi ardhi. Magoti yalikuwa yanasuguana. Alipoona anatazamwa alitabasamu.

"Leo hiihii," Editha alisema, na sauti yake ilimtoka kali kuliko alivyotaka, "mwageni kila sufuria. Kila nyumba. Nitaleta chakula."

Akambeba Brenda mpaka barabarani, akamkabidhi Abeid ampeleke mbele, yeye na mama yake, huku machela ikifuata.

Hospitalini daktari aliwapima Mama Mkubwa na Brenda magoti kwa kinyundo kidogo, akawaambia wanachokijua wachache: muhogo mchungu usiolowekwa na kuanikwa vya kutosha, ukiliwa wiki nyingi bila maharage wala nyama, hushika mishipa ya miguu, na kilichokwisha kushikwa hakiachiliwi. Kwa mtoto walikuwa wamewahi kidogo. Kwa bibi, hapana.

Wanajumuiya wa Kihonda walikuwa wamekula wali wao siku ile wakimsikiliza Devotha, aliyelia mbele yao akaeleza kila kitu, hata maneno aliyoyasema kwenye benchi la zahanati. Kesho yake mchele, maharage na dagaa vilipanda Luhembe, pikipiki nne. Wiki ya kwanza ya Januari wakaja watu wa afya, wakapita nyumba kwa nyumba, wakakuta wengine sita ambao miguu ilikuwa imeanza kukaza na hawakuwa wamemwambia mtu.

Mama Mkubwa alibaki Kihonda. Alijifunza kutembea na fimbo mbili, kutoka chumbani mpaka uani, na Thobias kila alipomwona akijaribu alitoka nje, akaenda kusimama barabarani mpaka amalize. Mwezi wa pili Thobias alipanda mlimani hatimaye, na panga, akikusudia kung'oa kila shina la muhogo mchungu Luhembe. Wazee walimzuia. Walimuuliza, ukiung'oa huu, nguruwe wakija tutabaki na nini? Alikaa nao siku mbili akitafuta jibu. Alirudi na panga lake bila kulitumia.

Masika ya mwaka ule yalianza mapema. Kutoka uani Kihonda, Mama Mkubwa na Editha waliliona wingu likiifunika milima, kwanza vilele, kisha mabega, mpaka pakawa hapana mlima tena, na Editha akachukua simu kumuuliza Abeid kama makopa ya Luhembe yalikuwa yamewahi kukauka.