Kiapo cha Baba Wawili

Jibu lilifika Jumatano saa nne asubuhi, nikiwa nalaminisha leseni za madereva. Nililisoma mara mbili kabla ya kumpigia Loisi simu.

"Kiapo kilichowasilishwa kinataja baba wawili. Muombaji aeleze baba yake ni yupi, na kwamba huyo mwingine si baba yake. Kiapo kipya kinaweza kutolewa na mlezi au na muombaji mwenyewe."

Lilitoka Dodoma, kwa watu wanaotambua vyeti vya waliosoma nje ya nchi. Loisi Simbeye alikuwa na stashahada ya kilimo aliyoisomea Zambia kwa miaka mitatu, na bila utambuzi wao karatasi hiyo haikumsaidia kitu upande huu. Kwa miaka miwili alikuwa akiuza mbegu katika duka la pembejeo hapa Tunduma. Wakulima aliwashauri kwa sauti ya chini, maana mwenye duka hakupenda muuzaji ajifanye bwana shamba.

Hapo dukani ndipo alipokutana na mzee Ombeni, mwenyekiti wa chama cha ushirika cha kahawa kule Igamba. Mzee alikuja kutafuta dawa ya kutu ya majani. Loisi akaomba kuziona picha za kahawa kwenye simu yake.

"Hii siyo kutu, mzee. Ni chulebuni, inakula tunda lenyewe. Kwa dawa hii utakuwa unayaogesha majani tu."

Mzee alibisha, akanuna, kisha akampeleka shambani. Sasa chama kilitaka kuajiri mtaalamu wake, na Ombeni alimtaka Loisi. Wajumbe walikubali kwa sharti moja: ifikapo Ijumaa awe na stakabadhi ya Dodoma inayoonyesha kwamba maombi yake yamekamilika. La sivyo, nafasi iende kwa mwombaji wa pili, aliyesoma hapa hapa nchini.

Kosa lilikuwa langu. Nina steshenari karibu na mpaka, na fomu za namna hii nimejifunza mwenyewe kwa kuzijaza. Nilipaswa kuliona mapema.

Loisi alizaliwa Chitete. Baba yake, Luka, alifariki Loisi akiwa na miaka mitano. Siku ya kumaliza matanga, ukoo ulimkalisha Raphaeli, mdogo wa marehemu, kwenye mkeka, wakampa jina la kaka yake pamoja na watoto aliowaacha. Raphaeli alikuwa fundi baiskeli Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Akawavusha watoto, na alipomwandikisha Loisi shule, fomu ikauliza jina la baba. Akaandika la kwake. Ndiyo maana vyeti vyote vya Zambia vinasema Loisi Raphaeli, na cheti cha kuzaliwa kinasema Loisi Luka.

Tulipotakiwa kueleza tofauti hiyo, Raphaeli alikuja akaniambia cha kuandika: "Loisi ni mwanangu. Ni mwana wa kaka yangu Luka pia." Nikachapa hivyo hivyo. Wakili wa jirani, mzaliwa wa Mbozi, akagonga mhuri. Sote tuliona ni kweli tupu, na hakuna aliyeshtuka.

Alhamisi asubuhi Raphaeli alivuka tena. Alikaa kwenye benchi, kofia magotini, na Loisi akasimama pembeni ya mashine ya kopi.

"Dada Felista," akaniambia, "hivi hao watu wa Dodoma hawana baba wadogo?"

"Wanao, baba. Ila fomu yao ina nafasi moja tu."

"Nisomee hicho kipya, tafadhali, mukwai."

Nikamsomea. Kwamba mimi, Raphaeli Simbeye, si baba yake, bali ni mdogo wa marehemu baba yake, na nilimlea.

"Hapo kwenye 'si', futa."

"Nikifuta watarudisha tena."

"Basi andika nilimzaa."

"Huo utakuwa uongo."

"Uongo! Na huo ulionisomea sasa hivi tuuiteje?"

Nilijaribu kuweka 'si baba yake mzazi'. Nilidhani neno hilo lingepunguza makali. Raphaeli akatikisa kichwa.

"Hilo nalijua. Hilo husemwa nyumbani watu wakigombana, mtoto akikataa kutumwa. 'Wewe si mzazi wangu.' Huyu hajawahi kuniambia. Sasa nimlipe dada Felista amwandikie?"

Loisi alikuwa karibu kucheka, lakini simu yake ikaita. Ilikuwa Igamba. Sauti ya mzee Ombeni tuliisikia sote.

"Binti, wajumbe wananitafuna huku! Ni karatasi unayoshughulikia, au unazaliwa upya?"

"Kesho, mzee. Kesho utaipata."

Akakata simu, akaiweka juu ya mashine ya kopi.

"Tata," akasema. Ndivyo alivyomwita siku zote, yaani baba. "Ulinisomesha ili nikae nyuma ya kaunta?"

"Nilikusomesha. Sijakataa. Lakini walinikalisha kwenye mkeka mbele ya ukoo wote. Nitanyanyukaje pale kwa kalamu? Na wadogo zako wakisikia, nao waanze kuniangalia vipi?" Alivaa kofia, akaivua. "Mimi sisaini. Kama ni lazima iandikwe, andika mwenyewe. Wamesema unaweza."

Nilitaka kumwambia anamtwisha mtoto mzigo wake. Sijui ningefanya nini ningekuwa mahali pake.

Loisi alinigeukia. "Dada, hakuna njia nyingine?"

Nilikuwa nimezitafuta zote usiku na asubuhi. Kubadilisha majina kwenye vyeti vya Zambia kungechukua miezi. Cheti cha kuzaliwa nacho kilikuwa sahihi, na kukigeuza kungekuwa kosa la jinai. Nikamweleza, moja baada ya nyingine. "Unaweza kuiacha kazi hii," nikamalizia. "Itatokea nyingine."

"Lini?"

Kisha Loisi akasema nikiandike kwa jina lake, nichapishe.

Kwa wakili tulikwenda watatu. Raphaeli hakuingia, alibaki mlangoni, mgongo wake kwetu, uso kwenye foleni ya malori. Wakili ni mtu wa taratibu. Alimtaka Loisi ainue mkono na kusoma kiapo chote kwa sauti. Loisi alisoma jina lake, makazi, jina la chuo. Alipofika kwenye Raphaeli Simbeye alinyamaza. Wakili alisubiri. Kisha Loisi akaisoma sentensi ile mpaka mwisho, haraka, kama anayemeza dawa, na akaendelea na nyingine. Mlangoni, Raphaeli hakugeuka.

Baada ya mhuri Raphaeli alitufuata mpaka kwangu.

"Nitolee kopi moja."

"Ya nini, Tata?"

"Wale walionikalisha, wawili bado wako hai. Nitawasomea mwenyewe. Wakiisikia kwa mtu mwingine watadhani nimefukuzwa."

Loisi alishika ukingo wa kaunta. "Twende wote Jumapili. Nitawaeleza."

"Jumapili utakuwa Igamba," akamjibu, bila hasira. "Wakulima watakuwa wanakusubiri."

Nikamtolea kopi. Aliikunja mara nne, akaitia ndani ya kofia, akaivaa. Alinishukuru mimi kwanza, kisha akamshika Loisi begani kidogo tu, akaondoka kuelekea mpakani.

Niliipakia ile hati kwenye mfumo. Kila kisanduku kilikuwa na alama ya vema. Ilibaki kubonyeza.

"Ngoja kwanza," akasema Loisi. "Avuke."

Kutoka dirishani kwangu geti linaonekana kati ya malori. Tulimtazama akisimama nyuma ya akina mama wenye mabeseni, akionyesha kitambulisho, akisogea. Lori moja la mafuta likapita, na lilipomaliza kupita hakuwepo tena. Loisi aliendelea kutazama.

"Sasa," akasema.

Nikatuma. Mashine ikatoa stakabadhi, na juu yake kulikuwa na jina moja tu la baba.