Filimbi za Kiangazi, Mwezi wa Januari

"Nimesema ziweke chini, Rufino! Na nyinyi wengine msinikodolee macho kama kondoo, wekeni chini!"

Shemeji yangu Nicanor alikuwa katikati ya ua wangu, kofia imeenda upande, fimbo ya ulinzi mkononi. Mwanangu Rufino hakuweka chini kitu. Alishika zampoña yake, ile filimbi ya matete yaliyofungwa safu mbili, na nyuma yake wapigaji saba wa kijiji walishika zao, kila mmoja akitafuta mahali pengine pa kuangalia. Mimi nilikaa mlangoni nikimenya viazi.

"Baba mdogo, onyesho ni keshokutwa," alisema Rufino. "Okestra nzima inatungoja La Paz."

"Ingoje mpaka Aprili."

"Aprili ukumbi hatuna!"

"Na mimi Januari mashamba ninayo!"

Walikuwa wameanza hivyo kabla sijabandika sufuria.

Kwetu zampoña ni za kiangazi. Hupulizwa baada ya mavuno, baridi ikiwa kali, viazi vikiganda vizuri na kuwa chuño, viazi vikavu vya akiba. Mvua zikianza, ambazo kwetu ni Novemba mpaka Machi, tunazifunga zampoña kwenye kitambaa na kuzitundika darini, halafu tunatoa pinkillu, filimbi ndefu za mti, ambazo huita mawingu. Ukipuliza zile za kiangazi wakati viazi vimechanua, mbingu hukauka na alfajiri barafu inateremka. Mtoto wa miaka minne analijua hilo. Rufino alilijua akiwa na miaka minne. Kisha akaenda chuo cha muziki miaka sita, akajua mengine.

Na mwaka huu mlinzi wa mashamba ni Nicanor. Maua yakiungua kwa barafu, watu hawaendi kuiuliza mbingu, wanakwenda mlangoni kwake. Mlinzi wa mwaka juzi yalimkuta hayo, na mpaka leo anaitwa Barafu, na mkewe Bibi Barafu.

"Baba mdogo, mimi naheshimu mila," alisema Rufino kwa ile sauti yake ya redioni. "Lakini kisayansi..."

"Kisayansi, tazama juu."

Tulitazama juu sote. Jumanne, mazoezi yalipoanza, mawingu yalikuwa yamejaa juu ya ziwa. Sasa ilikuwa Alhamisi, saa kumi alasiri, na anga lilikuwa jeupe bila wingu, kama sahani iliyooshwa. Anayelima hapa, awe na filimbi au asiwe nayo, anajua jioni ya namna hiyo huleta alfajiri ya namna gani. Nina mashamba matatu, yote yana maua. Sisemi naamini, sisemi siamini. Nina viazi.

"Ni bahati mbaya tu," alisema Rufino.

"Ya siku tatu mfululizo," alidakia Plácido, mpigaji mnene kuliko wote, ambaye siku zote hizo tatu alikuwa anakula kwangu.

Nicanor alimgeukia. "Kwani wewe hukuwa unapuliza?"

"Mimi nilikuwa nakula jibini la shemeji yako. Kupuliza kulikuwa sharti."

Wenzake walicheka. Nicanor alikohoa ili asionekane anacheka. Niliona hapo ndipo pa kuingilia.

"Rufino, wimbo wako unaitwaje?"

"Unajua, Mama."

"Najua. Mwambie baba yako mdogo."

Alitazama viatu vyake. "Mvua ya Januari."

Nicanor aliketi kwenye jiwe la kusagia. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Umetunga wimbo wa mvua, ukaupa filimbi za kufukuza mvua! Mwanangu, hiyo ni kumwalika mgeni halafu ukamfungulia mbwa!"

"Na kwenye karatasi ya watazamaji ameandika kwamba ni sauti ya ardhi yenyewe," nilisema. "Alinisomea kwenye simu, mara mbili."

"Mama!"

"Basi ardhi imekujibu. Pinkillu hukuziona?"

Rufino alipofungua mdomo, sauti ya redioni haikuwepo tena.

"Nilizipeleka kwanza, Mama. Kiongozi wa okestra alizikataa. Haziendi na piano. Sauti zake ziko juu kidogo, na kila moja iko juu kwa kiasi chake. Alisema watu watadhani tumekosea. Ndipo nikachonga zampoña zinazolingana na piano, nikaandika upya mwaka mzima. Nikifika bila hawa wazee, sehemu yao atapewa dada mmoja mwenye filimbi ya fedha. Anapiga vizuri sana. Lakini jina langu litakaa juu ya kitu ambacho si chetu."

Hakuna aliyecheka. Hata Plácido aliacha kutafuna.

Niliweka kisu chini. "Piano inapiga kurasa ngapi pamoja na hawa?"

"Tisa."

"Kurasa hizo tisa inyamaze."

"Mama, huwezi kuinyamazisha piano hivihivi!"

"Unafunga kifuniko. Na fidla je? Si uliniambia vidole vya mpiga fidla vinakwenda kwenye sauti yoyote vinayotaka?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi viende ziliko sauti za pinkillu. Nipe simu."

"Mama, usimpigie kiongozi. Nakuomba. Ni mtu mkubwa."

"Mimi nimekuzaa, na mimi ni mdogo? Lete."

Kiongozi alipokea. Nilimweleza kwamba mimi ni mama yake Rufino, kwamba zampoña hazitoki hapa kabla ya mavuno, kwamba wanakuja na pinkillu na fidla zake zitawafuata. Alizungumza muda mrefu. Nilimenya viazi viwili akiwa bado anaendelea. Mwisho aliuliza, "Na watu wakidhani tumekosea?"

"Waambie wamekosea kusikia."

Kulikuwa na kicheko, au kikohozi, sikujua. Alisema tuwapeleke kesho asubuhi, atasikiliza, haahidi kitu.

"Haahidi," nilimwambia Rufino. "Una usiku mmoja na penseli. Nicanor, kalete pinkillu zako zote."

"Ziko kavu, shemeji, siku tatu hazijapulizwa. Zitavuja pumzi."

"Ndiyo maana kuna maji."

Nilivua shuka langu la mgongoni, nikapita mbele ya kila mmoja. Plácido alitia zampoña yake ndani kwa haraka ya mtu mwenye viazi vyake shambani. Rufino alikuwa wa mwisho. Alikuwa amezichonga mwenyewe, alizishika kidogo, kisha akaziachia. Nilifunga fundo, nikaliingiza bunda kwenye ghala la chuño, nikapiga kufuli, ufunguo nikautia kiunoni.

Halafu nilitoa nguo zangu kwenye karai, nikamwaga povu, nikajaza maji safi. Nicanor alirudi na filimbi kifuani kama kuni. Nilichukua chupa ya pombe kali iliyokuwa rafuni, nikaimimina yote, maana mti huvimba na kuziba nyufa vizuri zaidi ukipata na hiyo.

"Mama, si ulisema hiyo ni ya harusi yangu?"

"Bibi harusi yuko wapi?"

Nicanor alianza kucheka tena. Rufino alikunja mikono ya shati, akapiga magoti mbele ya karai, akaizamisha pinkillu ya kwanza na kuishikilia chini mpaka mapovu yakaisha.

"Nyingine," alisema.