Neno Aliloandika Maribeth

Mama mkwe wangu, Verna, alifundisha darasa la pili kwa miaka thelathini na moja. Tangu siku tuliyomwambia kwamba wanetu tutawasomesha wenyewe nyumbani, hakuchoka kuniuliza swali moja. Aliniuliza mezani kila Jumapili, akaniuliza kanisani, akaniuliza hata siku niliyokuwa na uchungu wa kumzaa Opal.

"Tahajia unaanza lini, mwanangu?"

"Maribeth akishasoma vizuri, Mama. Bado."

"Ana miaka minane."

"Umri wake naujua. Nilikuwepo alipozaliwa."

Dwight, mume wangu, alikuwa akiinamia sahani yake akijifanya hasikii. Kati ya mama na mke, mtu mwenye akili hutafuna chakula chake.

Nilikuwa na sababu. Maribeth alichelewa kusoma. Ndiyo kwanza msimu ule wa baridi vitabu vilikuwa vimeanza kumkolea. Akina mama wenzangu wanaosomesha nyumbani walikuwa wakiniambia nisimharakishe, kwamba macho yakishazoea maneno, mkono utafuata. Na ipo sababu nyingine ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Nilipokuwa na umri wake, mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa niendeleze neno moja, akakataa nisikae mpaka nipatie. Nilisimama hadi nikajikojolea. Sasa nina miaka thelathini na minne, na mtu akiniambia "hebu liendeleze," viganja bado vinatoka jasho. Sikutaka kumpa binti yangu kitu hicho.

Basi ikafika Jumanne moja ya mwezi Machi. Opal alikuwa na homa ya sikio na usiku kucha hatukulala. Baada ya chakula cha mchana nilimpa Maribeth kitabu, nikamwambia asitoke nje, nikajinyoosha kitandani na mtoto kifuani. Nilidhani nitafumba macho dakika tano.

Nilipozinduka ilikuwa saa tisa kasorobo. Kilichoniamsha ni ukimya. Nyumba yenye mtoto wa miaka minane haiwi kimya hivyo.

"Maribeth?"

Kitabu kilikuwa sakafuni. Viatu vyake vya mpira havikuwepo mlangoni. Na juu ya meza ya jikoni palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa penseli, herufi zimeinama kama uzio uliopigwa na upepo: *gon to wel*.

Alikuwa hajawahi kuniandikia chochote. Niliisoma mara moja tu, maana ilitosha. Alikuwa ananiaga: amekwenda. Na neno la mwisho, W, E, L, ni "well", neno letu la Kiingereza la kisima, ila limepungukiwa L moja.

Nyuma ya malisho yetu kuna nyumba iliyoungua kabla hatujanunua shamba, na nyuma yake kuna kisima kilichochimbwa kwa mikono na watu waliokwisha kufa zamani. Dwight alikuwa amekifunika kwa mbao, na kila mwaka alisema mwaka huu atakifukia. Maribeth alikatazwa kukisogelea. Mtoto aliyekatazwa kitu, huwaza nini mchana kutwa?

Nilimbeba Opal nikakimbia bila viatu. Tope lilikuwa la baridi hadi mfupani, lakini hilo nililijua baadaye. Nilikuwa naita jina lake, na pumzi ilikatika kabla jina halijaisha.

Ubao mmoja ulikuwa umevunjika.

Pengo lilikuwa na upana wa mabega ya mtoto. Nilimweka Opal kwenye majani mbali na pale, analia, nikalala kifudifudi nikaingiza kichwa. Giza, na harufu ya majani yaliyooza.

"Maribeth! Mwanangu! Niitikie!"

Sauti yangu ilirudi ikiwa nzito, kama ya mtu mwingine. Nilidondosha kijiwe, nikasikia maji. Kulikuwa na maji mengi.

Simu ya mkononi haishiki kule. Nilirudi mbio nyumbani na mtoto, nikawapigia watu wa uokoaji kwa simu ya ukutani. Mwanamke aliyepokea alisema watafika baada ya dakika ishirini na tano. Dwight alikuwa kazini mbali, basi nikampigia Verna. Sijui nilisema nini. Alifika baada ya dakika saba, aproni bado kiunoni.

"Karatasi iko wapi?" aliuliza.

"Mama, ya nini karatasi? Nipe kamba! Kwenye gari una kamba?"

"Nionyeshe alichoandika."

Nilimsukumia. Aliisoma, midomo yake ikichezacheza. Nilitamani kumtikisa.

"Jirani yenu, yule mzee wa mbuzi," alisema. "Anaitwaje?"

"Will! Unamjua! Mama, mwanangu yuko kwenye maji..."

"Maribeth hulitamkaje jina hilo?"

Sikumwelewa. Akalitamka yeye mwenyewe, polepole, kama watu wote wa vilima hivi tunavyolitamka, na mdomoni mwake jina la mzee na neno la kisima likawa kitu kimoja.

"Miaka thelathini na moja," alisema. "Kila mwaka watoto waliniandikia E mahali pa I. Wanaandika wanachosikia. Huyu hakwenda kisimani. Amekwenda kwa Will."

Nilitaka kumwamini. Lakini ule ubao uliovunjika ulikuwa mbele ya macho yangu.

"Na kama umekosea?"

Alinyanyua simu ya ukutani.

Tulimpigia Will. Simu iliita, ikaita, ikakatika. Masikio yake hayafanyi kazi tangu alipostaafu kwenye kiwanda cha mbao.

"Wewe rudi kisimani," Verna alisema. "Opal nakwenda naye. Nikimkuta dada yake huko, nitapiga honi, na sitaacha kupiga mpaka unione."

Nikarudi. Nililala tena kando ya lile shimo. Kamba haikuwepo, ngazi haikuwepo, na kuogelea sijui. Basi niliongea. Nilimwambia mama yuko hapa, ashike mawe, watu wanakuja. Nilimwambia sikukasirika. Nilimwambia kosa ni langu, kwa kuwa nililala, na kwa mengine mengi. Baadaye nikaishiwa maneno, nikawa nasikiliza tu, nikiogopa kusikia na nikiogopa kutosikia.

Honi ilipolia, nilidhani ni mabata bukini wanaopita. Ikalia tena, ndefu, bila kupumzika, ikisogea kwenye njia yetu. Nilitambaa hadi kwenye uzio.

Maribeth alishuka garini akiwa na nyasi kavu kichwani, ananuka mbuzi.

"Mama! Wamezaliwa watatu! Mmoja alitanguliza miguu ya nyuma, babu Will akaniachia nimfute!" Kisha akaniona vizuri. "Una damu mguuni. Kwa nini unalia? Si nilikuachia barua?"

"Uliniachia," nilisema.

"Hukuisoma?"

Watu wa uokoaji walifika, wakatazama mbao, wakatutazama. Mkubwa wao alivua kofia yake akasema safari nzuri kuliko zote ni ile ambayo huna kazi ukifika. Nani alivunja ule ubao hatukujua kamwe. Labda ni kulungu, labda ni kuoza tu.

Ningependa kusema nilikuwa na busara jioni ile. Sikuwa nayo. Nilimkalisha Maribeth mezani, nikamshika mkono nikamwandikisha jina la Will, mara ya kwanza, ya tano, ya kumi na mbili.

"Mama, unaniumiza."

Nilipomwachia, alama za vidole vyangu zilikuwa kwenye kifundo cha mkono wake. Nikaichana ile karatasi nikampeleka kulala.

Asubuhi Verna alikuja. Nilingoja aseme "si nilikwambia?" Badala yake alimimina kahawa akaketi.

"Usianze wiki hii."

"Mama! Miaka mitatu unanisumbua nianze!"

"Ndiyo, na leo nakwambia ngoja. Bado unaogopa. Ukianza sasa, atajifunza woga wako kwanza, herufi baadaye."

Ndipo nilipomsimulia kuhusu siku ile niliyosimamishwa mbele ya darasa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kumbe Verna alimjua mwalimu yule, walifundisha pamoja. Alitikisa kichwa tu, akanishika bega, akaenda kumbadilisha Opal nepi.

Dwight alikifukia kisima Jumamosi, malori matano ya mawe. Tahajia tulianza katikati ya Aprili, dakika kumi kwa siku. Tulianza na majina ya watu ambao Maribeth anaruhusiwa kuwatembelea. Aliyachagua mwenyewe. Sasa ana miaka tisa na bado anakosea sana, na mimi nasahihisha machache tu kwa siku.

Ameshika tabia ya kuniachia vijikaratasi. Nikikikuta kimoja, sikisomi kwanza. Kwanza namwita, na mpaka aitikie, nasimama palepale nikiwa nimeshika kiti.