Vidole vya Mama Kusum

Dodoma hii, ukitaka chuma king'ae, utaelekezwa kwangu. Sijisifu. Au tuseme najisifu, maana nimestahili. Mimi ni Emilia wa Majengo, kibanda cha mabati ubavuni mwa wachomeleaji, mota moja, magurudumu mawili ya kitambaa na beseni la maji. Nimeng'arisha sufuria za hoteli, mikasi ya mafundi cherehani, vikombe vya ligi za mitaani, na nyembe za kukunja ambazo vinyozi wenyewe walishazikatia tamaa.

Kwa hiyo Mama Kusum alipofungua kitambaa chake mezani kwangu, nikaona wembe ulioliwa na kutu mpaka mgongoni, sikushtuka. Kilichonishtua ni yeye. Mama huyu ana duka la vitambaa mjini, anajua kubishana na wateja mpaka wanaomba radhi, na sijawahi kumwona akilia. Siku hiyo macho yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, mama. Kaa kwanza."

"Marahaba, mwanangu. Sikai mpaka uniambie kama utapona."

Wembe ulikuwa wa marehemu mumewe, Mzee Vinod, naye aliurithi kwa baba yake. Kila mtoto wa ukoo ule hunyolewa nywele zake za kwanza kwa wembe huo, mbele ya familia nzima. Jumapili ilikuwa zamu ya mjukuu. Mzee alipofariki mwaka jana, Mama Kusum aliuosha kwa heshima zote, akaufunga ukiwa bado una maji, akauweka kabatini. Wiki hii ndiyo kaufungua.

"Si anunue mpya?" akadakia Damas, mchomeleaji wa kibanda cha jirani. Damas haulizwi, lakini hakosi la kusema.

"Wa dukani si wetu," Mama Kusum akamjibu bila kumtazama. Kisha akanigeukia. "Nilimpenda yule mzee, Emilia. Aliniachia kitu kimoja cha kuwatunzia watoto, nikakiozesha."

"Hakijaoza. Kimechafuka. Jumapili mtoto atanyolewa kwa wembe huu."

Nilisema hivyo kwa kuwa naijua kazi yangu. Na nilisema kwa sababu nyingine pia. Kwetu Mvumi tukimaliza msiba tunanyoa, na najua kichwa cha mtu hakipelekewi chuma chochote tu.

Kazi yenyewe ina mambo mawili. La kwanza, makali yatazame kule gurudumu linakokwenda, yasilitazame linakotoka, la sivyo litakunyang'anya wembe na kukurudishia tumboni. La pili ni joto. Chuma cha wembe kikipata moto kupita kiasi kinageuka bluu, na kikishageuka bluu kimelegea, hakishiki makali tena hata ukinoe mwaka mzima. Ndiyo maana sivai glavu. Vidole vyangu vitupu ndiyo kipimo changu: vikiungua kidogo tu, wembe unaingia kwenye maji.

Sianzi na mali ya mtu. Huanza na wembe wangu mbovu, nilipashe gurudumu joto na kuliwekea dawa ya kung'arishia. Nikawasha mota, nikausugua mgongo, nikausugua ubavu, vidole vimetulia tuli. Nikauinua kwenye mwanga.

Ncha yote ilikuwa bluu.

Nikazima mota. Nikaugusa ule wembe kwa shavu langu nikaruka. Ulikuwa wa moto kama kikaango, na vidole vyangu havikuniambia kitu. Miaka ya kazi imeviotesha sugu, vimekuwa ngozi ya kiatu. Nilikasirika, nikavitazama kama watumishi walioniibia.

Damas alikuwa ameshaona. "Fundi, umechoma!"

"Wangu huo. Nina haki ya kuuchoma."

Mama Kusum akaanza kukunja kitambaa chake. Nikamshika mkono kumzuia, na pale pale nikajua la kufanya. Ulikuwa mkono laini, wa mtu aliyeshika hariri na pamba maisha yake yote na kujua bei yake gizani.

"Mama, vidole vyangu vimekufa," nikamwambia. "Vyako vizima. Mimi nitashika wembe, wewe utashika joto."

"Mimi? Mzee hakuniruhusu hata kuusogeza. Alisema nitajikata."

"Utashika mgongo tu. Kazi ya makali niachie mimi."

Akanitazama. Akavua bangili, akaketi.

Nikautoa wembe kwenye mpini wake wa pembe, nikaanza. Napitisha kidogo, nauvuta nje ya gurudumu, yeye anaubana mgongo kwa vidole viwili.

"Baridi."

Napitisha tena.

"Vuguvugu."

Tena.

"Moto!"

Ndani ya maji, kitambaa, tunaanza upya. Kutu ikatoka kama masizi, ikatuchafua mpaka nyusi. Kuna mahali nilipata tamaa, nikapitisha mara mbili bila kumpa nafasi. Alipoubana akapiga yowe, akanipiga kofi la bega.

"Haraka ya nini? Nani kakutuma?"

"Samahani, mama."

"Tena polepole!"

Basi nikawa naamrishwa kibandani kwangu, na kusema kweli nilifurahi. Vishimo viwili vya kutu karibu na mgongo nikaviacha. Kuviondoa kungeufanya wembe mwembamba kama karatasi. Kwingine kote ulitoka mweupe, bila hata chembe ya bluu. Nikaurudisha kwenye mpini, nikaunoa kwenye jiwe, nikaupitisha kwenye mkanda wa ngozi, nikampa.

Hakuupokea kwa kitambaa. Aliushika kwa mkono, akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. Vidole vyake viwili vilikuwa vimefanya malengelenge. Akachukua simu, akampigia kinyozi aliyealikwa kumnyoa mtoto.

"Ndugu Alnashir? Jumapili usije. Ndiyo, kunyoa kupo. Nitamnyoa mimi mwenyewe." Akasikiliza. "Ndiyo, mimi. Bibi yake."

Akakata simu. "Emilia, wembe unalazwa vipi?"

"Karibu ulale kabisa kwenye ngozi, mama. Ngozi unaivuta kwa mkono mwingine."

"Vizuri. Nahitaji mtu wa kujifunzia."

Tukageuka wote wawili kwa pamoja. Damas alikuwa na ndevu za wiki nzima.

"Mimi nina kazi," Damas akasema.

"Kazi hiyo ya kutuchungulia? Kaa."

Akakaa. Mama Kusum akampaka povu la sabuni, akakiinua kidevu kwa vile vidole vyenye malengelenge, akaivuta ngozi. Wembe ukateremka kutoka sikioni mpaka taya, polepole, ukaacha njia safi nyuma yake. Hapakuwa na damu. Damas alifumbua jicho moja.

"Usiongee," Mama Kusum akamwambia. "Lete upande wa pili."