Pumzi ya Ijumaa

Ijumaa hiyo Annastella alipika akiwa nje. Alisimama mvuani karibu na mlango wa jiko, akavuta hewa mpaka kifua kikajaa, akabana pumzi, akaingia. Ndani hakuona kitu. Alipapasa hadi kwenye mafiga, akasogeza moto kwa kijiti, akageuza ndizi zisishike chini, akatoka mbio. Alipofika nje aliachia pumzi, akakohoa, akahesabu mpaka thelathini, akavuta nyingine. Tangu saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameingia na kutoka mara ishirini na kitu, na sare ya shule ilikwisha kumganda mgongoni.

Mdogo wake Klaudia, wa miaka sita, alikaa kwenye kigoda ndani ya moshi huo huo, ubavuni mwa moto, kwa sababu ndipo palipokuwa na joto. Alidhani dada yake amebuni mchezo. Kila Annastella alipoingia, naye alibana pumzi na kuvimbisha mashavu.

Jiko lenyewe lilikuwa kibanda cha fito na udongo kisicho na dirisha. Kuni zilikuwepo Buganguzi, tena nyingi, ila zilikuwa za watu, na mwenye mikaratusi yake huiuza. Maganda ya kahawa yalitolewa bure kwenye mashine ya kukoboa, kwa hiyo ndiyo waliyochoma. Aliyewahi kuyachoma anajua kwamba hayawaki, yananuna tu na kufuka tangu asubuhi hadi jioni. Mama yao alikuwa ameshatoka kwenda kuchuma kahawa katika shamba la mtu. Baba yao alikuwa Karagwe kwa mke mwingine, ambako labda kuni zilipatikana.

Annastella alibana pumzi kwa sababu ilikuwa Ijumaa ya tatu, na saa nne, shuleni, angepuliza kwenye mashine ya kupima pumzi.

Mambo yalianza mwezi wa tano, alipokamatwa nyuma ya vyoo vya shule na sigara mkononi. Hakusingiziwa, alikuwa anavuta. Alijifunzia Kagoma, siku za gulio, alikokwenda kusaidia kupakia ndizi kwenye malori kabla ya masomo. Wapakiaji ndio waliomwonyesha kwamba sigara moja inanyamazisha tumbo mpaka saa tisa alasiri, na dukani sigara iliuzwa moja moja, rahisi kuliko andazi. Shuleni asiyechangia chakula cha mchana alikaa darasani na kuwasikiliza wenzake wakigonga sahani. Msichana alikuwa na akili, akapima mambo, akachagua sigara.

Mkuu wa shule, Mwalimu Philbert, alitaka kumfukuza siku ile ile. Aliyemwokoa ni mradi. Uliitwa Pumua Upya, ofisi yake ilikuwa Hamugembe mjini Bukoba, na ulikuwa umekubaliana na shule kwamba mwanafunzi atakayekamatwa na sigara asifukuzwe, aingizwe kwenye kikundi cha kuacha. Kikundi kilikutana kila Ijumaa katika stoo ya majembe. Mwalimu Mastura, mwalimu wa malezi, aliwafundisha kunywa maji hamu inapopanda, kusubiri dakika kumi, kumtafuta mtu wa kuongea naye. Alikuwa mwalimu wa kwanza kumuuliza Annastella kama amekula.

Na aliacha. Hapa naomba msomaji aniamini, maana wengine wote walikataa. Aliacha kwa kutafuna kahawa kavu iliyochemshwa, ile ya kukaribishia wageni, mpaka ulimi ukawa mchungu. Kichwa kilimpasuka wiki mbili. Alimpiga kibao rafiki yake kwa sababu ya rula. Kagoma akawa anapita mbele ya wapakiaji huku akiangalia chini, nao wanamcheka na kumwita sista. Kuanzia mwezi wa saba hakugusa hata kipisi.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa ndipo wafadhili walipoleta mashine. Ilikuwa ndogo, ya kushikwa mkononi, na ilichomekwa mrija wa karatasi. Unabana pumzi sekunde kumi na tano, unapuliza, namba ya moshi uliomo kifuani inatokea. Chini ya saba ulikuwa hujavuta. Kuanzia saba ulikuwa umevuta, na ukizidisha Ijumaa tatu mfululizo unatolewa kwenye mradi, na ukitolewa kwenye mradi barua ya kufukuzwa aliyokwisha kuiandika mkuu wa shule inatoka kwenye droo. Ijumaa ya kwanza Annastella alipata kumi na nne. Ya pili, kumi na tano. Mtihani wake wa taifa wa kidato cha nne ulibakiza wiki tano.

Afisa wa mradi aliitwa Isaac. Alikuwa kijana mpole, kila Ijumaa alitoka Bukoba kwa pikipiki na kufika akiwa ametapakaa tope hadi magotini. Siku hiyo alimpima kwanza Audax, aliyekaa hosteli ya kupanga jirani na shule na kula chapati za dukani. Audax alivuta kila siku ya Mungu, ila Alhamisi jioni alijizuia. Alipata tatu, akapigiwa makofi.

Annastella alipuliza mpaka machozi yakamlengalenga.

"Kumi na sita," Isaac alisema, akamgeuzia kioo aone mwenyewe.

"Sijavuta, afisa."

"Mimi sijasema kitu. Kimesema chenyewe."

"Napikia maganda ya kahawa. Jiko letu halina dirisha, moshi wote..."

"Binti, kila mtu hapa kwao wanapika. Mbona Audax ana tatu?"

Audax aliangalia viatu vyake. Alikuwa amewahi kumnong'oneza Annastella kwamba dawa ya mashine ni kutopika Ijumaa, akasema hivyo kama mtu anayejiamulia mwenyewe nani ale na nani asile. Klaudia alikuwa akishinda na chakula cha asubuhi hadi mama yao arudi jioni.

Mwalimu Mastura aliingilia. Katika kasha la mashine alikuwa amekuta karatasi iliyokunjwa mara nyingi, ya Kiingereza, maandishi madogo ya kuumiza macho, akaisoma yote usiku kwa tochi ya simu. Iliandikwa wazi kwamba moshi wa kuni au wa mkaa katika nyumba isiyopitisha hewa unaweza kupandisha namba. Alimwekea Isaac kidole kwenye mstari wenyewe.

Isaac aliusoma, akaurudia.

"Mwalimu, nakuelewa," alisema. "Lakini fomu yangu ina sehemu mbili. Amevuta, hajavuta. Jiko nitaliandika wapi?"

Mwalimu akamwambia aliandike pembeni. Isaac akajibu kwamba fomu zinajazwa kwenye simu, na simu haina pembeni. Hakuwa anafanya mzaha. Aliwaeleza kwamba robo ya mwaka ya mradi ilikuwa inaisha, kwamba walitakiwa vijana themanini na saba wilaya nzima na taarifa za kila mmoja zikamilike, na kwamba akianza kutilia shaka namba moja, watu wa Dar es Salaam watamuuliza habari za nyingine zote. Mwisho walikubaliana jambo moja. Utaratibu uliruhusu mshiriki kutembelewa nyumbani kabla ya kutolewa. Angekwenda Buganguzi kesho yake, alione jiko kwa macho yake. Mwalimu Philbert alipoambiwa alisema sawa, barua yake ingesubiri muhuri mpaka Jumatatu.

Jumamosi mama yake Annastella hakwenda kuchuma kahawa, ingawa mwenye shamba alimwambia anayekosa siku moja anakosa na wiki. Alifagia uwanja tangu kungali giza. Aliazima kiti chenye mgongo kwa jirani. Alipika ndizi na maharage, na kwa kuwa mgeni hapikiwi kidogo, alipika nyingi, jiko likafuka kuliko siku zote. Mwalimu Mastura aliahidi kuja, lakini mkuu wa shule alimpangia kusimamia jaribio la kidato cha pili, zamu ambayo hadi Ijumaa jioni ilikuwa ya mwalimu mwingine.

Isaac alifika saa tano. Mama alimpokea kwa mikono miwili.

"Karibu, afisa. Karibu, waitu," alisema, kwa neno la Kihaya la heshima.

Hakutaka kukaa kwanza. Alikwenda moja kwa moja hadi mlango wa jiko, akainamisha kichwa kuingia, akarudi nyuma. Alitoa kitambaa, akafuta macho, akajaribu tena, akashindwa. Alisimama hapo akipepesa huku pua inachuruzika. Annastella alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu mashine ije alihisi kifua kinalegea. Ameona, alijisemea. Mtu mwenye macho ameona.

Wazo likamjia hapo hapo, na hakungoja limwogopeshe.

"Afisa, mpime Klaudia."

Isaac alicheka. Alimwangalia mtoto aliyekuwa amejibanza nyuma ya gauni la mama yake, mguu mmoja juu ya mwingine, akaona hakuna ubaya. Alichomeka mrija mpya. Klaudia alikuwa hodari wa kubana pumzi kuliko mtu yeyote aliyepimwa mwaka huo, akapuliza mpaka akapepesuka.

Kioo kiliandika kumi na tisa.

"Nimemshinda Anna?" Klaudia aliuliza.

Annastella alitetemeka kwa furaha, ndiyo, kwa furaha, na baadaye alijichukia kwa furaha ile.

"Umeona, afisa," alisema. "Ana miaka sita. Hajui hata sigara inashikwaje. Ni jiko."

Isaac alikitazama kioo muda mrefu. Akatazama jiko. Akamtazama mama, aliyekuwa anatabasamu bila kujua kama namba hiyo ni nzuri au mbaya. Annastella aliona wazi kwamba ameelewa. Ilipita usoni mwake yote, hatua kwa hatua: jiko hili, na jiko la jirani, na majiko yote ya wilaya, na namba zote alizokwisha kutuma. Midomo yake ilijongea kidogo. Kisha aliketi kwenye kiti cha kuazima, akaweka begi magotini, akatoa simu na karatasi moja.

"Kwenye semina walituambia umri wa kuanza kuvuta unashuka," alisema taratibu, akiisemesha karatasi. "Jina lake kamili nani?"

"La nani?" Annastella aliuliza.

"La mtoto. Kuna nafasi moja imebaki wazi."

Ilimchukua Annastella kitambo kuelewa kwamba nafasi hiyo ilikuwa yake mwenyewe.

Mama alisogea karibu. Aliuliza kama kuna chochote mtoto anapata. Isaac akamweleza kwamba mshiriki aliye chini ya miaka kumi na minne hupewa daftari, sabuni, na kilo tatu za unga wa uji kila mwezi, kwa mwaka mzima. Mama aliposikia unga alipiga magoti kidogo, vile mwanamke wa Kihaya humshukuru mtu mzima, ingawa Isaac angeweza kuwa mwanawe.

"Kasinge, waitu."

"Mama," Annastella alisema, "anaandika kwamba Klaudia anavuta sigara."

Mama alimgeukia. Aliongea Kihaya, kwa sauti ya chini, ili mgeni asiaibike. Alisema kwamba amesikia, yeye si kiziwi. Alisema karatasi imeandikwa mambo mengi juu ya watu, na hajaona mtu aliyeshibishwa wala kuuawa na karatasi, lakini uji ameuona.

"Wewe nafasi yako umeipoteza," alimalizia. "Unataka na huyu akose?"

Kisha akarudi kwenye Kiswahili, akamtajia afisa majina yote matatu ya mtoto, polepole, na kusubiri kila moja lichapwe kwenye simu.

"Na mimi, afisa?" Annastella aliuliza.

"Wewe mkuu wa shule atakuita Jumatatu." Alilisema kwa upole kabisa. "Unaweza kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwakani, au mwaka mwingine. Wapo wengi waliofanikiwa hivyo."

Karatasi ilitakiwa kusainiwa na mshiriki mwenyewe. Isaac aliilaza juu ya begi na kuonyesha chini kabisa, palipochapwa maneno: *Nimeamua kwa hiari yangu kuacha sigara.* Chini yake palikuwa na mstari. Alisema dole gumba lingetosha, lakini alikuwa amesahau kidau cha wino, na ofisini walipenda zaidi jina. Klaudia alikuwa darasa la kwanza. Alijua K, alijua A, zilizobaki zilimpotea njiani.

"Msaidie mdogo wako," mama alisema.

Annastella hakusogea. Mama alirudia, safari hii kwa jina lake zima, lile la ubatizo. Isaac alikuwa amenyoosha kalamu, mkono wake unangoja hewani, na macho yake hayakumfikia mtu yeyote. Klaudia aliipokea kwa ngumi, akapiga magoti kwenye tope, akageuza uso kumtafuta dada yake. Alikuwa na furaha. Hajawahi kupewa kalamu ya wino.

Annastella alipiga magoti nyuma yake. Akaushika mkono mdogo ndani ya mkono wake, wakaandika K. Wakaandika L. A aliiandika Klaudia peke yake, ikatoka kubwa, ikapanda juu mpaka ikagusa neno sigara.

"Taratibu," Isaac alisema. "Asivuke mstari."

Annastella aliukaza mkono wa mdogo wake, wakaandika U.